Mfadhili anauliza wasichana wake wako wapi, na mimi nimeagizwa niandike mpango

BARUA

Mama, shikamoo.

Mimi ni afisa wa kitengo cha wahitimu na uchangishaji katika chuo kikuu kimoja cha umma hapa Tanzania. Kitengo ni jina tu. Tuko wawili, mimi na kijana wa mkataba ambaye pia anapiga picha za matukio na kuweka habari kwenye tovuti. Nilihamishiwa hapa kutoka ofisi ya uhusiano, kwa hiyo kazi hii naijifunza huku naifanya.

Mwaka 2022 mhitimu wetu mmoja, mkandarasi, mtu mzima sasa, alitupa shilingi milioni 48 za kuwasomesha wasichana wanane wa uhandisi kutoka mikoa ya kusini kwa miaka yote minne. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: milioni moja na nusu kwa kila msichana kwa mwaka. Tukafanya hafla. Palikuwa na mfano wa hundi mpana kuliko meza, keki, picha na Makamu Mkuu wa Chuo, na Mzee akavishwa fulana ya chuo juu ya suti yake. Baada ya hapo hatukumwandikia tena. Haikuwa kwa ubaya. Kila mwaka lilizuka jambo: ithibati, mahafali, ugeni wa waziri.

Mwezi uliopita nilipewa orodha ya watu wa kuwaandikia barua za kuomba mchango wa ukumbi mpya wa mihadhara, naye akiwemo. Barua ilipomfikia akanipigia simu. Hakugomba hata kidogo. Alisema, "Mwanangu, jengo tutalizungumza. Kwanza niambie, wale watoto wangu wako wapi?" Nikamwambia nitamrudia.

Nilipokwenda uhasibu ndipo jasho liliponitoka. Fedha ziliingia akaunti kuu bila kufunguliwa kasma yake, yaani fungu lake la hesabu. Wasichana sita wako mwaka wa nne, wanaendelea vizuri, na ada ya mwaka huu imelipwa. Wa saba hakuwahi kulipiwa chochote kwa sababu alipata Samia Skolashipu, ufadhili wa serikali, mwanzoni kabisa, na nafasi yake hakupewa mwingine. Wa nane aliahirisha masomo baada ya mwaka wa kwanza, hajarudi. Kwa hiyo zilitakiwa zibaki milioni kumi na nusu. Zimebaki milioni moja na nusu. Milioni tisa zilikarabati vyoo vya bweni la wasichana, kwa maelezo kwamba ni mkopo wa ndani na zitarudishwa. Hakijarudi kitu.

Bosi wangu anasema nisimguse Mzee kwa habari za vyoo. Nimwambie wasichana wanaendelea vizuri, yaishe. Wakati huohuo Makamu Mkuu ameniagiza niandae "mpango endelevu wa kulea wafadhili" upelekwe Baraza la Chuo. Mawazo aliyonipa ni ukuta wa majina, chakula cha jioni cha kila mwaka, na tuzo. Wafadhili wetu wengine ni kampuni mbili, taasisi moja ya nje yenye fomu zisizoisha, na wahitimu wa 2001 waliochangishana kwa simu wakanunua tangi la maji la zahanati ya chuo.

Nianzie wapi? Na Mzee nimjibu nini?

Afisa Asiyelala

JIBU

Marahaba, mwanangu. Tuanze na Mzee, kwa sababu yeye ndiye anayesubiri simu.

Mpigie wiki hii hata kama jibu halijakamilika. Mwambie umeanza kufuatilia, na kwamba kabla ya tarehe fulani, uitaje, atapata taarifa yenye hesabu kamili. Usiseme "wanaendelea vizuri" ukaishia hapo. Ni kweli kwa sita, lakini yeye atasikia wanane, na siku atakayojua atakukumbuka wewe uliyemwambia, si bosi wako.

Ukishakata simu, kaa uandike dokezo sabili, ile barua fupi ya ndani ya ofisi, kwa bosi wako, liende kupitia kwake hadi kwa Naibu Makamu Mkuu anayesimamia fedha. Liwe ukurasa mmoja. Eleza fedha zilizopokelewa, sharti lililoandikwa siku zinapokelewa, zilizotumika kwa sharti hilo, zilizotumika nje yake, na salio. Kisha pendekeza jambo moja: milioni tisa zirudishwe kwenye mfuko wa wasichana kabla Mzee hajatembelewa, au angalau iwepo barua iliyosainiwa inayotaja tarehe ya kuzirudisha. Usimlaumu mtu, na neno "ubadhirifu" usiliandike kabisa. Namba zenyewe zinatosha.

Bosi wako simwoni kama mtu mbaya. Nadhani anajiambia kwamba vyoo vya bweni la wasichana ni jambo jema, na ni jema kweli. Ugumu uko hapohapo. Mzee hakutoa fedha kwa jambo jema lolote. Alitoa kwa jambo alilolitaja. Watu wa mwambao wanalijua hili tangu zamani kwa njia ya wakfu. Mafakihi husema sharti la mweka wakfu ni kama matini ya Sheria yenyewe: shamba lililowekwa wakfu kwa ajili ya kisima halihamishiwi kwenye madrasa kwa sababu tu msimamizi ameona madrasa ina shida zaidi. Msimamizi ameaminiwa tu, mali si yake. Chuo chako kilipopokea zile milioni 48 kiliingia kwenye nafasi hiyohiyo, hata kama hakuna aliyelitaja neno wakfu siku ile ya keki.

Akikuambia hayo ni ya vitabuni, mpe kisa cha Princeton, Marekani. Mwaka 1961 Charles na Marie Robertson walikipa chuo hicho hisa za thamani ya dola milioni 35, ili kiandae vijana watakaoingia utumishi wa serikali, hasa katika mambo ya nje. Wenyewe walipokwisha kufariki, watoto wao wakaanza kuuliza fedha zinatumikaje. Hawakuridhika na majibu, na mwaka 2002 wakaenda mahakamani. Mgogoro ulikwisha kwa makubaliano Desemba 2008: Princeton ikabaki na mfuko, lakini dola milioni 40 zikaenda kwenye gharama za mawakili wa familia, na milioni 50 nyingine kwa mfuko mpya ambao familia ingeusimamia yenyewe. Wakati huo tangu fedha zitolewe ilikuwa imepita zaidi ya miaka 40. Mtoaji hufa, lakini barua ya masharti hubaki kwenye kabati la mtoto wake. Chuo cha Yale nacho, hukohuko Marekani, mwaka 1995 kilimrudishia mhitimu wake Lee Bass dola milioni 20 alizotoa 1991 kwa ajili ya masomo ya ustaarabu wa Magharibi, baada ya programu hiyo kukwama kwa miaka. Ukuta wa majina usingeviokoa vyuo hivyo.

Kama Princeton iko mbali, CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, yuko karibu. Chuo cha umma hukaguliwa, na ripoti ya Mkaguzi Mkuu huwekwa mezani bungeni kila Aprili, magazeti yakaichambua wiki nzima. Muulize bosi wako kwa upole kama angependa Mzee asikie habari za milioni tisa kutoka kwa Makamu Mkuu akiwa sebuleni kwake, au azisome gazetini akinywa chai.

Itakuwaje dokezo lako likirudi na maandishi mekundu, "tusubiri kwanza"? Usimpigie Mzee kwa siri. Najua utashawishika kufanya hivyo, na wapo watakaokusifia, lakini utakuwa umemwachia yeye ugomvi wa ofisi yenu, na chuo kitashughulika na wewe badala ya kushughulika na fedha. Hakikisha dokezo limeingia masijala na lina folio. Mkaguzi wa ndani yupo, na kazi yake ni hiyo. Jambo ambalo huna ruhusa ya kulifanya ni kuandika au kusaini taarifa inayosema wasichana wote wanane wanasoma. Hapo ukatae kwa adabu, na ukatae kwa maandishi.

Kuna kazi nyingine kabla ya safari ya kwenda kwa Mzee, na sioni kama kuna mtu hapo chuoni ameifikiria. Yule msichana wa nane, kuna aliyempigia simu? Katika zile milioni kumi na nusu zilizotakiwa zibaki, nne na nusu ni za kumalizia miaka yake mitatu. Nenda ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, waulize kama muda wa kuahirisha unaoruhusiwa na kanuni zenu haujaisha, na waombe wao wamtafute, kwa kuwa sababu zake za kuondoka si habari yako wala ya mfadhili. Huenda amekwisha kuolewa na hataki kurudi. Ni haki yake. Huenda yuko nyumbani akidhani nafasi ilishapotea. Ukimfahamisha Mzee kwamba wa nane ametafutwa na anarudi muhula ujao, utakuwa umefanya kazi kubwa ya ulezi wa wafadhili kuliko hafla tatu.

Sasa safari yenyewe. Usiende peke yako, na usitume barua pepe. Aende Makamu Mkuu, au Rasi wa Ndaki, yaani mkuu wa kitivo, ya uhandisi ikiwa Makamu Mkuu hapatikani, nawe uende na karatasi. Salamu zikiisha, habari ngumu itangulie, kwa maneno ya kawaida: "Mzee, tulipokea fedha zako kwa wasichana wanane. Sita wanamaliza mwaka huu. Mmoja alipata ufadhili wa serikali, na sisi hatukumweka mwingine mahali pake. Mmoja aliahirisha. Katika fedha zilizobaki, chuo kilichukua milioni tisa kikakarabati bweni bila kukuuliza. Halikuwa sahihi. Zimerudishwa tarehe hii, na hii ndiyo hati ya benki." Kisha mnyamaze. Mwacheni aulize. Akikasirika, akasirike, ana haki, na hasira ya mtu aliyeelezwa mapema hupoa.

Baada ya hapo mpeni uamuzi. Milioni kumi na nusu ni zake kuzielekeza: zimrudishe yule wa nane na kumchukua mwingine mpya badala ya wa saba? Au sehemu moja iwanunulie wale sita kompyuta za kuchorea na kuwalipia gharama za mafunzo kwa vitendo, ambazo ada haizigusi? Atakalochagua liandikwe siku hiyohiyo, asaini yeye na chuo, nakala mbili. Na ile barua ya ukumbi wa mihadhara, mwanangu, iacheni ofisini. Msiitaje hata kwa utani mlangoni. Akiitaja yeye, mwambieni mtarudi kuizungumza mkishakamilisha hili.

Mahafali yao hayako mbali. Mwalikeni, lakini asiwekwe meza kuu akatazame hotuba. Tafuteni saa moja akae na wale sita chumba cha kawaida, wazungumze madaraja na zege. Yeye ni mkandarasi, atawauliza maswali ambayo maprofesa hawayaulizi. Kamera ya kijana wako iingie dakika tano, itoke.

Tukija kwenye mpango wa Baraza, utaona kwamba nusu yake tumekwisha kuuzungumza. Wakubwa wakisikia kulea wafadhili hufikiria chakula na vyeti. Mimi naufikiria uhasibu kwanza, adabu baadaye. Tazama Watanzania wanavyochanga harusi. Tunalalamika, lakini tunachanga mwaka hadi mwaka, na sababu mojawapo ni siku ya kuvunja kamati, mweka hazina anaposimama kusoma mapato na matumizi mpaka bei ya maji ya kunywa. Chuo kikuu chenye maprofesa wa uhasibu kinashindwa na kamati ya harusi kwa sababu hakina siku ya kuvunja kamati.

Kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa mpango wako uandike na mhasibu, si na mpiga picha. Kila zawadi yenye sharti ifunguliwe kasma yake siku inapoingia, fedha zisichanganywe na za mafuta ya magari. Fanyeni jedwali moja, hata la Excel linatosha, mkianza na zawadi zote mlizopokea ambazo fedha zake hazijaisha: nani katoa, lini, kiasi gani, kwa sharti gani, barua ya sharti iko faili namba ngapi, zimetumika ngapi, zimebaki ngapi, nani anasimamia huko kwenye ndaki. Safu ya mwisho iwe tarehe ambayo mfadhili alipata taarifa mara ya mwisho. Usishangae ukikuta nafasi tupu nyingi. Zawadi ambayo haijatumika kwa mwaka mzima ipigiwe mstari mwekundu, kwa sababu fedha zinazolala ndizo huazimwa.

Shukrani ni jambo jepesi, ilimradi iwahi. Stakabadhi na simu ndani ya siku mbili, barua iliyosainiwa na mkubwa ndani ya wiki mbili, na barua hiyo irudie sharti kwa maneno ya mfadhili mwenyewe ili kesho asije mtu akasema hakulijua. Mchango unaopitia Mfuko wa Elimu ulio chini ya Mamlaka ya Elimu Tanzania, TEA, ulioanzishwa kwa sheria ya 2001, unaweza kumpa mchangiaji nafuu ya kodi. Kampuni zenu mbili zielezwe hivyo na ziulize washauri wao wa kodi.

Taarifa ndiyo nguzo, na ninakushauri iwe moja kwa mwaka, Septemba. Vitabu vya mwaka wa fedha ulioisha Juni vinakuwa vimefungwa au vinakaribia, na matokeo ya mwaka wa masomo yamepita Seneti. Hapo fedha na masomo vinakutana, hutaandika mara mbili. Ukurasa mmoja: fedha zilizotumika, waliosoma, walivyofaulu, na kitu kimoja ambacho hakikwenda sawa. Hicho cha mwisho usikiache. Mfadhili aliyewahi kuendesha biashara akipewa taarifa isiyo na tatizo hata moja hujua amepewa tangazo. Halafu karibu na Machi mpigie simu isiyo na ombi lolote. Ukiona mtu anaanza kupokea simu yako bila kuuliza "leo mnataka nini?", kazi imeanza kukaa.

Na liwepo katazo, uliandike kwenye mpango kwa wino mzito: hakuna barua ya ombi jipya kwa mfadhili ambaye hajapata taarifa ya zawadi iliyopita. Mwenye orodha ya kuomba aipitishe kwanza kwenye jedwali lako. Katazo hili litakuletea maadui, hasa miezi ya kampeni ya jengo, kwa hiyo ni vizuri lipitishwe na Baraza lenyewe, usionekane wewe ndiye unayekataa.

Wafadhili wako usiwapange kwa ukubwa wa mifuko yao tu. Ile taasisi ya nje ina fomu na tarehe zake; zifuateni, lakini zawadi yake iingie kwenye jedwali lilelile, isiwe kisiwa cha profesa mmoja. Kampuni mara nyingi hutaka nembo ionekane na mtu wa kuongea naye aliye imara. Wanapobadilisha meneja wa mawasiliano, jitambulisheni upya mapema kwa sababu mpya hajui ahadi za wa zamani. Wahitimu wa 2001 ndio ningewatunza kwa wivu. Watu walio karibu na miaka hamsini, waliochangishana kwa simu bila kusukumwa na chuo! Wapeni picha ya tangi likiwa na maji, mapato na matumizi ya mistari sita, na kama pampu iliharibika, semeni iliharibika na ilitengenezwa kwa fedha gani. Majina na viwango vya kila mmoja mpe mweka hazina wao, usivimwage kwenye kundi la WhatsApp. Na kundi hilo lisigeuzwe uwanja wa kuomba kila Jumatatu. Watu huondoka kimyakimya, wengine hubaki wamezima sauti, na wewe unadhani una wasikilizaji mia mbili.

Kuhusu wale wasichana, nina ukali kidogo. Nimeona kwenye hafla za aina hii binti anasimamishwa mbele ya watu wazima wanaokula, asimulie umaskini wa kwao ili aliyetoa aguswe. Usifanye hivyo, hata akikubali, kwa sababu anayelipiwa ada hukubali mengi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023: jina, picha na matokeo ya mwanafunzi ni taarifa zake, na kabla ya kumpa mfadhili muombe ridhaa kwa maandishi, akijua wazi kwamba akikataa hapotezi ufadhili. Mfadhili anaweza kupewa jumla, kwamba sita wote wamefaulu, bila kupewa karatasi ya alama ya mtu. Barua za shukrani ziandikwe na wanafunzi kwa maneno yao. Usiwape mfano wa kunakili. Mzee akipokea barua sita zenye "kwa unyenyekevu mkubwa" mstari wa kwanza atajua nani kaziandika.

Ukuta wa majina siukatai. Uliza tu kabla ya kuchonga. Wapo wanaotoa kwa sharti kwamba mkono wa kushoto usijue, Waislamu kwa Wakristo, na jina lake likionekana getini utakuwa umemuudhi kwa gharama yako mwenyewe. Chumba au jengo likipewa jina la mtu, mkataba utaje ni kwa miaka mingapi na itakuwaje jengo likibomolewa. Chakula cha jioni cha kila mwaka ndicho ninachokipinga. Piga hesabu ya ukumbi, chakula, mapambo na bahasha za wageni, uiweke kando ya ada ya milioni moja na nusu, umwonyeshe Makamu Mkuu ni ada za wasichana wangapi zinazoliwa usiku mmoja. Kama lazima watu wakutane, waiteni maabara mchana, wanywe chai na waone mashine.

Kila mfadhili awe na faili masijala, na kila mazungumzo yaandikwe humo siku ileile: alisema nini, aliahidiwa nini, na nani kaahidi. Andika kana kwamba yeye mwenyewe atalisoma, bila umbea wa ndoa wala siasa zake. Wewe utahamishwa siku moja kama ulivyohamishiwa hapo, na atakayekuja asianze kumuuliza Mzee jina.

Ukifika Baraza, usipimwe kwa fedha zilizoingia peke yake, maana mwaka mmoja akija tajiri mmoja mtaonekana mashujaa, na mwaka unaofuata mtaonekana wavivu. Omba mpimwe kwa zawadi ngapi zimetolewa taarifa kwa wakati, fedha kiasi gani zimelala zaidi ya mwaka, na waliotoa mwaka jana ni wangapi wametoa tena. Andiko lisizidi kurasa mbili, na jedwali liambatanishwe pamoja na zile nafasi tupu zake. Wajumbe watauliza mnahitaji nini ili mfanye kazi hii. Usiombe gari wala safari ya kujifunza nje. Omba mhasibu atakayekaa nanyi siku mbili kwa wiki, na mkataba wa yule kijana ugeuzwe ajira ya kudumu kabla hajapata kazi benki.